Gari la Kutangaza Jazi

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa Landrova, maikrofoni, spika mbili za kufunga juu ya paa na betri nzito ya kuziendesha. Afisa Utamaduni, mkuu wangu, alinionyesha namna ya kuishika maikrofoni iwe mbali na spika, la sivyo zitapiga mluzi wa kutoboa masikio. Kazi yangu ilikuwa kuwaambia watu wa Tabora leo jazi inapigwa wapi. Vijana msishangae, siku hizo bendi yoyote ya dansi tuliiita jazi. Azimio la Arusha lilikuwa bado changa, na bendi nyingi zilikuwa mali ya mashirika na vyama vya ushirika.

"Kabla hujafungua mdomo," Afisa aliniambia, "uliza mtaani kama kuna msiba. Mtaa wenye tanga unaupita kimya. Ukikosea hilo, majaribio yako kazini yanaishia hapo hapo."

Nilikuwa nimetoka Kisarawe kwa gari moshi, Mzaramo nisiye na ndugu hata mmoja mjini. Kazi hiyo kwangu ilikuwa ya kufa na kupona.

Nyuma ya gari aliketi mpiga tarumbeta wa bendi. Anapuliza kidogo, gari linakwenda mwendo wa kobe, nami nadakia: "Leo, leo, leo! Bugi, ukumbi wa ushirika, kuanzia saa tisa!" Bugi ni dansi la mchana, la vijana na soda. Tangazo lilipaswa kwisha kabla gari halijapita nyumba tatu, maana mwenye nyumba ya nne naye anataka kulisikia lote.

Jumapili moja betri ilichelewa kutoka chaji. Nikaingia mtaa wa Isevya mbio mbio bila kuuliza mtu. Tarumbeta lilikuwa limeshasikika kona nzima nilipoona mikeka imetandikwa nje ya nyumba na wanaume wameketi kimya. Bibi mmoja aliyejifunga khanga kiunoni akaja hadi dirishani, akaingiza mkono, akachomoa ufunguo wa gari.

"Weye kijana, umetoka wapi wasikojua tanga?"

"Uzaramo, bibi. Nisamehe."

Alinitazama, kisha akawageukia wafiwa wenzake. "Jamani, kumbe mtani!"

Enzi za misafara Wanyamwezi walipita Uzaramo na mizigo vichwani wakienda pwani, na huko ndiko utani wetu ulikozaliwa. Mtani hafukuzwi msibani. Hupewa kazi, kisha hudaiwa mzaha. Nilichota maji. Nilishika jembe kuchimba kaburi pamoja na vijana wa mtaa. Tuliporudi, yule bibi, dada wa marehemu aliyekuwa fundi cherehani mzee, akanitia maikrofoni mkononi.

"Haya, tangaza. Leo wapi?"

Macho yote yalikuwa kwangu. "Leo, leo, leo! Makaburini, baada ya Alasiri! Kuingia bure, kutoka hakuna!"

Walicheka huku machozi yanawatoka. Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nililia, na marehemu mwenyewe sikuwahi kumwona.

Spika hazina siri. Afisa alinisikia akiwa ukumbini, akaja kwa baiskeli, amekunja uso.

"Ukumbi mtupu, na wewe unafanya masihara msibani? Shuka. Kazi huna!"

"Bwana mkubwa," bibi alimwambia, "huyu leo si wako, ni wetu. Na mtaa mzima uko hapa, hilo bugi lako angekuja nani? Ukimfukuza mtani, atatuchekesha nani? Wewe?"

Afisa aliwatazama watu, akavua kofia. Jeneza lilipotoka, akalifuata. Kwangu alisema neno moja tu: "Kesho, ofisini."

Nilikwenda nikiwa nimeshafunga sanduku langu. Alinipa bahasha moja yenye barua mbili, ya onyo kali na ya kuthibitishwa kazini.

"Ya kwanza ni kwa sababu hukuuliza," alisema. "Ya pili usiniulize."

Baadaye nilihamishiwa Igunga, nikatangaza bendi kwenye minada ya ng'ombe hadi kijiji cha Choma, ambako ng'ombe walinishinda sauti. Niliporudi Tabora nilimkuta Afisa mwingine, mpenzi wa hotuba kuliko muziki, na gari likawa la mikutano zaidi. Nilivumilia mpaka nikastaafu. Popote nilipokuwa, niliuliza misiba kwanza.

Siku hizi mnalitafuta dansi kwenye simu, na mnalipata upesi kuliko tulivyoweza sisi. Sina ugomvi na hilo.

Ndugu zangu wa Kisarawe waliniandikia nirudi nyumbani, nisije nikafia ugenini. Niliwajibu kwa upendo kwamba kwao nitaliliwa tu. Hapa Isevya ninakoishi wapo watu wanaoingoja siku hiyo wanicheke, na wengine wameshaanza mazoezi.