Mpini wa Mama

Fundi wa majembe wa soko la Korogwe, enzi hizo za Mwingereza, hakuuza jembe mpaka akusimamishe, akate mpini ukufike kitovuni. Vidole vyake vya masizi vikipapasa mti, atakukoromea, "Simama wima, hununui kanga!"

Mashavu, mchuuzi hodari wa kubana bei, alitaka jembe la bustani ya mama yake, Kwamsisi. "Nipe hilohilo, mzee."

"Mama anakufika wapi?"

Mashavu akaweka mkono begani. Akaushusha kifuani, akasita. Sukari na chumvi alimtumia kwa watu wa baiskeli; mwenyewe hajakanyaga kwa mama tangu masika ya mwaka juzi. "Sijui, mzee," akasema polepole. Fundi akaurudisha mpini kwenye rundo, haujakatwa, akamwita mteja mwingine.