Viazi Vyenye Udongo

Wiki iliyopita nilipigiwa simu asubuhi nikaambiwa yule mama wa viazi wa Makambako amefariki kwa homa ya mapafu. Wasomaji wangu wa siku nyingi hamkumjua, na nimekosa sana kutomleta hapa akiwa hai. Miaka ile nilipokuwa nikitoka Njombe kila Jumamosi, sikupita mezani kwake bila kununua, maana viazi vyake pekee vilioshwa vikang'aa, kimoja kimoja, kwa maji ya baridi yetu ile ya kukata vidole. Viazi vilivyooshwa huoza upesi, kila mkulima wa huku anajua, lakini nani angemkemea mtu kwa usafi? Sote tulimsifu. Hata mikono yake ilipopasuka ikatoa damu, tulimpelekea mafuta ya kupaka. Kumbe tulikuwa tunausifu ugonjwa.

Alipoosha mbegu yote ya msimu, kisha akaanza kuosha na magunia, kaka yake aliniita, kwa kuwa nilishakuwa rafiki wa nyumbani, kwenye kikao cha ukoo. Mimi, mjuaji wa magazeti, nikaeleza kwamba ng'ambo kuna upasuaji wa ubongo kwa maradhi ya akili yaliyokithiri. Wote wakaafiki. Kaka mtu akasema, "Atapelekwa, iwe isiwe." Hapo mgonjwa mwenyewe, aliyekaa karibu na mlango, akatusalimu Kibena kama ndiyo kwanza anaingia: "Kamwene, ndugu zangu. Kichwa mnachokipangia ni changu. Nani ameniuliza?" Niliona aibu ambayo haijaniisha hadi leo.

Akaenda kwa daktari wa akili, nami nikamsindikiza. Daktari akamwambia upasuaji huo upo, lakini ni kwa wachache ambao matibabu mengine yote yameshindwa, tena kwa ridhaa yao. Yeye hata kidonge alikuwa hajaonja. Akaanza dawa, pamoja na zoezi gumu kuliko dawa: kushika udongo na kukaa bila kunawa. Dakika moja, kisha tano. Ilichukua misimu. Hakupona kabisa, lakini asubuhi moja alinijazia ndoo ya viazi vyenye udongo, akacheka: "Leo utaosha mwenyewe, baba." Natamani asubuhi ile irudi.

Juzi tulimzika. Upasuaji ule siupingi, yupo utakayemfaa. Ila kabla hatujakiamulia kichwa cha mtu, tumuulize mwenyewe. Nilitupia udongo kaburini, na walipotuwekea beseni la kunawa, nililipita. Nilirudi Njombe na udongo wake mkononi.