Dola Yenye Ukingo Mtupu

Baba alipoanza kupoteza macho, kitu kilichomuuma zaidi ni kuacha sarafu zake. Alikuwa karani wa ofisi ya nyumba za council, yaani halmashauri ya mji, mtu mkimya aliyeondoka Unguja akiwa kijana. Miaka ya tisini, kila Jumapili, alikaa kwenye meza ya jikoni kwetu Wembley, London, na kioo cha kukuzia, akitafuta kasoro za kiwandani: herufi iliyopigwa mara mbili, sura iliyokaa upande. Mimi na kaka yangu tulikaa naye. Mimi nilichoka upesi. Kaka alikuwa na jicho kali, na Baba alimsifu mbele yetu sote, jambo ambalo hakulifanya kwa kitu kingine.

Mwaka 1998 kaka aliacha chuo bila kumwambia mtu. Baba alipojua, alimtamkia mbele ya wageni maneno ambayo sitayaandika hapa. Kaka akaenda Marekani, akapata kazi, akaoa, akazaa binti. Yeye na Baba hawakusemeshana tena. Mama alimpigia kila Ijumaa, kisha alikuja sebuleni akamwambia Baba, "Mwanao anakusalimu." Mimi nilikuwa nimesimama pale kwenye simu. Hakuna aliyetuma salamu, si huku wala kule. Mama alizitunga mwenyewe.

Mwaka 2007 Marekani walitoa dola mpya za sarafu, za rangi ya dhahabu, zenye sura za marais wao. Mwaka na maneno mengine hayakupigwa usoni bali ukingoni, kwa mashine ya pili. Haikuchukua muda habari zikaenea kwamba baadhi yake ziliikosa mashine hiyo zikatoka na ukingo mtupu, na wakusanyaji walizitafuta kwa bei nzuri.

Baada ya wiki chache kikaja kifurushi kutoka kwa kaka. Ndani mlikuwa na sarafu ishirini na tano, bado zimefungwa kwenye karatasi ya benki, na kijibarua kwangu: "Mwambie Baba hizi hazihitaji macho."

Nilimsomea. Akasema, "Fungua."

Wakati huo presha ya macho ilikuwa imemwachia mwanga kidogo tu. Alishika sarafu moja moja akapitisha ukucha wa kidole gumba ukingoni, akasikiliza mikwaruzo ya herufi. Mimi nilizipokea nikizitazama.

"Baba, hii maandishi yake yamegeuka juu chini."

"Hiyo si kasoro. Zinaingia kwenye mashine vyovyote zitakavyoanguka. Utaziona nyingi hivyo."

Zilikuwa zimebaki chache ukucha wake uliposimama. Akarudia. Akaizungusha tena, polepole.

"Hebu itazame hii."

"Haina kitu, Baba. Ni tupu."

"Iweke chini ya taa. Kuna watu wanazisugua kwa tupa ili wauze. Unaona michirizi?"

"Sioni."

Nikamwambia tumpigie kaka sasa hivi, kule ni asubuhi.

"Kwanza tuhakikishe," alisema. "Iliyosuguliwa inapungua uzito na upana. Ipelekwe ikapimwe. Miaka tisa sijamsemesha mwanangu, siwezi kuanza na kitu cha uongo."

Muuza sarafu niliyemjua alifungua Jumamosi tu. Ilikuwa Jumapili. Wiki ile nilimsikia Baba chumbani akijaribu maneno. "Hujambo, mwanangu? Ni mimi, babaako." Alikohoa, akaanza upya. Mara mbili alimuuliza Mama kule ni saa ngapi, na Mama alimjibu, akaenda jikoni akafungua bomba la maji ili tusimsikie akilia.

Alhamisi mchana alipiga simu mke wa kaka. Kaka alikuwa ameanguka kazini. Moyo. Hakufika hospitali. Alikuwa na miaka thelathini na mbili.

Walimzika kesho yake, na hatukuwahi. Tulisoma khitma nyumbani, watu wakajaa mpaka kwenye ngazi. Baba alipokea mikono ya kila mtu.

Ile sarafu niliificha kwenye droo yangu. Miezi kadhaa baadaye niliipeleka peke yangu. Yule muuza sarafu aliiweka kwenye mizani, akaipima upana, akautazama ukingo kwa muda mrefu. Akasema ni ya kweli, akataja bei, nami nikamshukuru nikaondoka nayo.

Nilimwambia Baba jioni ileile. Nilidhani atafarijika.

"Nilijua tangu siku ile," alisema. "Kidole hakikunidanganya. Nilikuwa naiogopa simu."

Nilimwekea chai mkononi, nikakaa.

Karibu mwaka mzima ulipita ndipo akaniomba nimpigie mjukuu wake. Mtoto alijibu kwa Kiingereza, Baba, ingawa Kiingereza alikijua vizuri, akashikilia Kiswahili, mimi katikati natafsiri. Alitaka kujua binti anapenda kula nini, na kama anaona vizuri ubao wa darasani. Sarafu tulimtumia yeye, pamoja na karatasi niliyoandika kwa maneno ya Baba, ikieleza kitu gani kinakosekana na jinsi ya kukisikia kwa ukucha.