Pasipoti Iko Mkononi?

Karani wa mapokezi ya meli ya watalii hamalizi kukusalimu kabla hajauliza, "Pasipoti iko mkononi, au imekwenda na sanduku?" Huuliza kwa kubembeleza, huku akipangusa kaunta kwa mkono wa sweta lake, hata kama haina vumbi. Leo bibi mmoja alijishika mdomo. Sanduku alishawakabidhi wachukuzi mlangoni, na pasipoti ilikuwa ndani, chini kabisa, mwizi asiifikie.

"Mwanangu, ndiyo nimeachwa?"

"Nani akuache, bibi?" Akaenda mwenyewe kwenye mlima wa masanduku, akarudi akilikokota, jasho likimtiririka. Watu wa foleni wakarefusha shingo.

"Jamani, tutachelewa!" mmoja akalalama.

"Meli bado imefungwa kamba, bwana."

Bibi aliinama, akashika zipu, akasita. "Nguo zangu za ndani ziko juu," akanong'ona. Karani alivua sweta, akalitandaza kwa mikono miwili kama pazia kati ya bibi na foleni, akakodolea macho dari mpaka aliposikia zipu ikifungwa.