Mbuzi Aliyepanda Behewa la Chumvi

Asante kwako, Mungu Baba wa rehema, uliyeniamsha asubuhi hii hapa Bunia nikiwa na pumzi, macho yanayoona mstari na mkono unaoshika kalamu. Wengi waliostahili kuliko mimi hawakuamka. Niliyo nayo yametoka kwako, hata kumbukumbu hizi, nami nakuomba uziongoze zisitoke na uongo ndani yake.

Enzi zetu, ninyi wa rika langu, gari la moshi lilikuwa saa yetu, gazeti letu na nusu ya furaha yetu. Baba yangu alitoka huku Ituri akaenda Mungbere, mwisho wa reli, akawa kapita, yaani msimamizi, wa wapakizi. Huko ndiko nilikokulia, na huko ndiko alikozaliwa mdogo wangu Filipo. Kwa ajili yake nayaandika haya. Sasa ni mwalimu mzee huko Fataki, na tangu barabara ifungwe na vita sijui kama anakula, kama analala ndani ya nyumba au porini. Ninapomwombea huja kwanza picha ya alipokuwa na wiki chache tu, na uhai wake uko mikononi mwa watu asiowajua.

Wajukuu zangu hapa Bunia wameona ndege nyingi kuliko mbuzi. Juzi mmoja aliniuliza kama gari la moshi lina rubani, na kama linatua. Nikamwambia halitui kwa sababu halipandi. Akaniangalia kwa huruma, kama vile nimemwambia nilikulia mahali ambapo vitu vyote vilikuwa vimeharibika. Sikumlaumu. Angejuaje?

Angejua nini juu ya mabehewa yale, ambayo sisi tuliyaita mawago? Kila moja lilikuwa na tabia yake. Lile la mafuta ya mawese lilikuwa pipa kubwa lililolala juu ya magurudumu. Asubuhi za baridi mafuta yaliganda, wanaume wakawasha moto wa kuni pembeni ili yakubali kutoka, na sisi watoto tukapaka miguu yetu kwa matone ya bombani mpaka tunang'aa kwenda misa. La pamba lilijaa marobota yaliyokazwa kwa waya, na mtu akiegemea alitoka na ndevu nyeupe. La kahawa lilinukia hata likiwa tupu. La wanyama lilikuwa na mbao zilizoachana ili ng'ombe wapate upepo, nasi tuliingiza mikono kati ya mbao ili walambe viganja vyetu. Siku moja lilikuja behewa la wazi limebeba kengele ya misioni, imefungwa kamba kama mfungwa. Mtu mmoja akaigonga kwa jiwe kidogo tu, na kambi yote ikasimama kimya, wengine wakafanya ishara ya msalaba wakidhani ni saa sita.

Lakini mimi nililipenda la chumvi. Ndani lilikuwa la mbao tupu, na hata mbao zilishikwa kwa vigingi vya mti, kwa sababu chumvi ingekula misumari yote. Likishapakuliwa liliachwa wazi kwenye njia ya pembeni kwa nusu siku. Ilikuwa ni desturi, na shefu, mkuu wa stesheni, aliiruhusu. Akina mama wa kambi waliingia na fagio za manyoya ya kuku kukusanya chumvi iliyobaki kwenye nyufa, huku wakiimba na kuchekana. Wakitoka wao, waliingia mbuzi. Mbuzi wote wa Mungbere waliijua siku ya chumvi. Walipanda ule ubao wa kupakulia mmoja baada ya mwingine, wakilamba sakafu, wakilamba kuta, wakifumba macho. Kabla ya mlango kufungwa, Baba alipiga debe kwa fimbo na kupiga kelele mpaka watoke wote.

Mama alimzaa Filipo kwa taabu. Homa ikamshika siku ya tatu, na maziwa yake yakakauka. Jirani yetu, ambaye tulimwita Mama Mapasa kwa kuwa alikuwa amezaa pacha, alimnyonyesha asubuhi na jioni. Lugha yake na yetu hazikuelewana hata kwa salamu, tulizungumza Kiswahili tu. Lakini kifua kimoja kwa watoto watatu hakitoshi. Basi mjomba akatuletea mbuzi mweupe mwenye maziwa, na kwa sababu alitoka upande wa mashemeji zake, Baba akamwita Shemeji. Kila asubuhi alimsalimu, "Shemeji, umeamukaje? Watu ya kwako wako muzuri?" Mama alicheka hata akiwa na homa. Maziwa yale tuliyachemsha, tukayachanganya na maji, nami nikamnywesha Filipo kwa kijiko kidogo. Nilikuwa na miaka tisa hivi. Kumchunga Shemeji ilikuwa kazi yangu.

Siku moja maziwa yalipungua. Mama Mapasa akanishauri, "Umupeleke alambe chumvi. Mbuzi akilamba chumvi anakunywa maji mingi, akikunywa maji mingi anatoa maziwa mingi." Kwa hiyo siku ya chumvi sikungoja Shemeji aende mwenyewe. Nilimpandisha mimi, nikamsukuma mpaka kona ya ndani kabisa, nyuma ya rundo la magunia matupu, ili mbuzi wengine wasimsumbue. Kisha nikasikia wenzangu wanapiga makofi ya nzango, ule mchezo wetu wa kuruka na kurusha miguu. Nikasema nitaruka mara moja tu.

Ninyi mama wa rika langu mnajua hakuna mtoto aliyewahi kuruka nzango mara moja. Niliposikia filimbi niliinua macho, nikaona behewa la chumvi limeshafungwa mlango, limeshaunganishwa, na linaondoka. Nililikimbilia mpaka pumzi ikaisha. Nilisikia sauti ya Shemeji ndani, ikilia kwa kila kiungo cha reli.

Nilimwambia Baba nikiwa nimeuficha uso. Alikaa juu ya gunia. Akasema, "Hapana, Vero. Ni miye nilipiga debe vibaya. Sikuangalia nyuma ya magunia." Nikasema ni mimi, naye akasema ni yeye, tukabaki hivyo tukigombea kosa kama watu wanaogombea kipande cha nyama, mpaka akasimama na kunishika mkono kwenda kwa shefu.

Shefu wa stesheni alikuwa mzee mfupi anayeitwa Tadeo, mwenye kofia iliyomzidi kichwa. Alisikiliza yote, akazungusha mkono wa simu ya ukutani.

"Alo, alo. Weye Anzelemi? Muko na mbuzi mu wago ya chumvi. Ndiyo, mbuzi. Hapana, sijakunywa kitu."

Huyo Anzelemi alikuwa shefu wa kituo kidogo katikati ya msitu, ambapo gari lingelala. Tulisikia kicheko chake mpaka tulipokuwa tumesimama. Ndipo Baba akasema jambo ambalo mimi sikuwa nimelifikiria. Kurudi tu hakutoshi. Gari lingefika Paulis, mji ambao leo ni Isiro, siku ya pili, na lingerudi kwetu siku ya nne. Mbuzi aliyejaa chumvi, akifungiwa mpaka Paulis bila maji wala kukamuliwa, maziwa yanakufa. Angerudi Shemeji, lakini angerudi mkavu.

Mzee Tadeo alikuwa bado ameishika simu. Behewa la chumvi, hata likiwa tupu, lilifungwa kwa waya wenye muhuri, ili asije mtu akapakia ndani yake uchafu njiani. Ufunguzi ulikuwa wa Paulis peke yake. Shefu aliyekata muhuri bila ruhusa alihesabiwa mwizi, na wakubwa wa reli wakati ule hawakuwa na mchezo na mtu mweusi.

"Anzelemi," akasema hatimaye, taratibu, "hiyo mbuzi iko na mutoto. Si mutoto ya mbuzi. Mutoto ya mutu. Mama yake iko mugonjwa. Siwezi kukuambia ukate muhuri. Nimekuambia tu vile iko."

Akaitundika simu. Hatukujua Anzelemi alijibu nini, kwa maana Tadeo hakutuambia.

Mama hakunipiga. Nilitamani anipige. Alisema, "Njo, kaa karibu na mudogo wako. Mushikie mukono." Siku zile nne nilikaa pale. Mama Mapasa alikuja asubuhi, mchana na jioni, akimweka Filipo kwanza kabla ya wanawe, na nikiwasikia pacha wake wakilia upande wa pili wa ukuta nilijua kilio kile ni cha kwangu. Katikati tulimpa maji ya mchele. Alikonda. Alikuwa akilia kwa sauti, kisha akawa analia bila sauti, mdomo wazi tu. Mimi nilijua Baba Yetu na Salamu Maria, basi nilizisema hizo, nikaongeza maneno yangu mwenyewe. Sikuomba mengi. Niliomba mtu mmoja akate waya mmoja.

Siku ya nne kambi nzima ilikuwa imesimama penye reli. Gari lilipoingia tukamwona Shemeji akitazama nje, peke yake katika behewa zima la wanyama, kama mke wa gavana. Baba aliruka ndani kabla magurudumu hayajasimama. Akapiga magoti, akashika chuchu, na sote tukasikia maziwa yakigonga ndani ya kopo la bati. Nimesikia kinanda cha kanisa kuu, nimesikia kwaya za Pasaka hapa Bunia zenye sauti mia. Sijasikia sauti nzuri kama ile.

Shingoni alikuwa na karatasi iliyofungwa kwa uzi, maana kwenye reli hakuna kitu kilichosafiri bila karatasi, wala kilichoshushwa kabla ya mwisho wa safari. Mzee Tadeo alitusomea kwa sauti. Juu kabisa, kwa maandishi makubwa: "Nimekata muhuri, ni miye Anzelemi. Muke wangu alimukamua. Maziwa tulipatia bibi mumoja mugonjwa." Kituo kilichofuata: "Amekula majani ya viazi. Amekamuliwa. Anapiga teke." Paulis waliandika kwamba wamemhamishia behewa la wanyama, amekamuliwa mara mbili kwa siku, na maziwa amepewa mtoto wa mtu wa behewa la mafuta. Na wa mwisho, katika safari ya kurudi, aliandika: "Maziwa nilikunywa miye mwenyewe. Munisamehe, ilikuwa muzuri."

Watu walicheka hadi machozi. Mama alinyoosha mkono akaiomba ile karatasi, akaiweka chini ya mto wake, ingawa hakujua kusoma.

Anzelemi alihamishwa kwa ajili ya ule waya. Walimpeleka mbali, upande wa Aketi, na Baba alipoenda kumshukuru hakumkuta. Sikuwahi kuuona uso wake. Lakini jina lake nimelitaja mbele za Mungu katika kila misa tangu nilipopata akili, na Filipo alipopata mtoto wa kwanza wa kiume alimwita Anzelemi.

Filipo alipona, akanenepa, akawa mtoto mkaidi, kisha mwalimu mwenye subira. Zamani tulicheka pamoja kila Noeli, akisema yeye ndiye mtu pekee aliyelishwa na wakubwa wa stesheni. Reli yenyewe ilikufa polepole, majani yakaifunika. Vijana wa leo wana simu za kutembea nazo mfukoni, wanazungumza barabarani kama wenye homa, na ninawapenda hivyo hivyo. Ila nikiwauliza habari za Fataki wananiita koko, nyanya yao, na kuniambia, "Koko, huko simu haishiki." Enzi zetu simu ilikuwa moja, imepigiliwa ukutani, na sauti yake ilikwaruza. Ilishika.

Ndilo linaloniuma nikikaa hapa na rozari yangu, nikisikia milio ya mbali. Mbuzi mmoja alivuka msitu wote ule, akaenda na kurudi, na kila mkono uliompokea ulimpa maji, ukamkamua, ukamsukuma mbele kwa mwingine. Hakuna aliyeuliza ni mbuzi wa kabila gani. Leo ndugu mwenye mvi hawezi kutoka Fataki kuja kwa dada yake Bunia, njia ambayo zamani tuliipita asubuhi na kula chakula cha mchana tukiwa tumefika. Si kwamba watu wema wamekwisha. Mama Mapasa wapo, Anzelemi wapo, nawajua kwa majina. Lakini mmoja yuko huku na mwingine kule, na katikati yao pamekatika.

Kwa hiyo nakuomba wewe unayesoma, uwe Bule, uwe Boga, uwe popote karatasi hii itakapofika machoni pako. Akipita kwako mzee mrefu, mwembamba, anayetembea mikono nyuma kama anayesimamia mtihani, anayesahihisha Kiswahili cha kila mtu hata akiwa na njaa, huyo ni Filipo. Usimuulize lugha ya mama yake. Mpe maji. Mpe kitu cha kuweka tumboni. Mwonyeshe njia inayopitika, mpaka kwa mtu mwingine unayemwamini. Na kama itakubidi kukata waya, Mungu anajua ni kwa nini.

Naye Bwana, asiyesinzia njiani, akuwekee mtu mwema katika kila kituo cha safari yako. Watoto wako wasikose maziwa, wako wa mbali wafike, na mlango wako ufunguliwe na mkono wa amani. Amina.