Muhuri Nyuma ya Picha ya Benoît

Jumanne tarehe 13 Machi 2001, saa tisa mchana, mvua inanyesha Butembo na mzee Benoît amesimama kwenye kizuizi, barrière kwa watu wa hapa, cha barabara iendayo mji wa Beni. Begani ana mfuko wa viazi. Mkononi ana kitambulisho cha jandarma, askari wa usalama, aliyestaafu, namba 17, na kimelowana.

Askari anakishika kwa ncha za vidole. Picha inateleza, inaanguka kwenye tope.

"Mzee, sura yako imekukimbia," askari anasema. Watu kwenye foleni wanacheka. Benoît naye anacheka.

Askari anainama, anaiokota picha, anaigeuza ili aifute kwenye suruali. Nyuma kuna muhuri wa duara, wino wa buluu, na neno moja ambalo hata mwenye kusimama mbali analisoma: Kinshasa.

Kicheko kinaisha. Katika siku hizi za vita, kwa waasi wanaotawala upande wetu wa mashariki ya Kongo, serikali ya Kinshasa ni adui.

"Hii ni kitu gani unafichaka chini ya sura?"

Benoît anaitazama picha. Alikuwa hajui kama kuna kitu chini ya sura yake. Mathe, anayesukuma ndizi kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao, na aliyekuwa wa tatu kwenye foleni, aliona yote. "Hakupigana," anasema. "Alitoa kofia, akaishika na mikono mbili, sawa mutu anaingia kanisani. Njo bakamupandisha mu camionnette. Gari ikaenda ngambo ya Beni."

Askari walibaki na picha. Kitambulisho walikitupa. Mathe alikiokota topeni, akakipeleka kwa Germaine, mke wa Benoît.

Mtu aliyebandika picha ile si jasusi. Ni mama wa miaka 44, karani wa ofisi ya vitambulisho hapa mjini, ambaye katika habari hii tutamwita Julie. Majina ya wengine nayo yamebadilishwa, maana watu wanaogopa na wana haki ya kuogopa. Jina la Benoît ni lake mwenyewe. Germaine alikataa lifichwe. "Mukificha jina, nani atamutafuta?" aliuliza.

Julie ana miezi kumi na tisa hajapata mshahara. Anakula maharage ya shamba lake na viazi anavyotumiwa na kaka yake kutoka Kipese. Kila asubuhi hata hivyo anafungua ofisi, anapangusa meza, anakaa.

Amri ilifika mwezi wa kwanza. Kila polisi na kila jandarma aliyestaafu awe na kitambulisho chenye picha kabla ya mwisho wa mwezi wa pili. Asiye nacho atahesabiwa kuwa mtu aliyejipenyeza, kwa sababu mzee anayejua bunduki anaogopwa na kila upande. Amri ile ilikuwa na mistari sita. Ukiisoma yote sita huoni mahali palipoandikwa filamu ya kupigia picha.

Wazee wenyewe wengi si wa hapa. Serikali iliwaleta zamani kutoka mikoa ya mbali, kutoka Équateur, kutoka Kasai, kutoka Bas-Congo, ikawavalisha, ikawazeesha, ikawasahau. Vita vimewafungia njia ya kurudi kwao. Benoît alifika mwaka 1979, akaoa Butembo, akazeekea Butembo. Ana miaka 63.

Walijiandikisha wazee 61. Thelathini na wanane walileta picha mpya. Ishirini na watatu hawakuweza. Julie alikwenda kwa mkuu wa ofisi, ambaye picha yake ya rangi, kravati shingoni, iko ukutani juu ya kiti chake. Alimwambia hakuna filamu.

"Aliniambia débrouillez-vous," Julie anasema. "Neno moja tu. Hakuinua hata macho."

Kila Mkongomani analijua neno hilo: jitafutieni njia. Mkubwa anakupa kazi, anakunyima chombo, na kosa linabaki lako.

Julie akajitafutia njia. Wazee wale 23 walikuwa na vitambulisho vya mwaka 1998, vya serikali ya Kinshasa, kabla mji haujachukuliwa na waasi. Aliweka birika motoni, akabandua picha kwa mvuke, moja baada ya nyingine. Gundi haikuwepo. Alikoroga unga wa muhogo, akabandika zile picha kwenye karatasi mpya, mkuu akasaini, wazee wakashukuru.

"Nyuma niliona muhuri," anasema polepole. "Sitadanganya. Lakini ni kazi yetu, kila picha inapigwa muhuri nyuma ili isichanganyike na ya mwingine. Tulifundishwa vile. Na ule wa 98 ni mimi niliupiga. Meza ni ile ile, mkono ni huu. Serikali njo ilibadilika. Mimi nilibaki pale pale."

Jumatano asubuhi Germaine aliingia ofisini. Hakusalimia. Aliweka kitambulisho namba 17 mezani. Pale pa picha palikuwa na mraba mtupu na alama nyeupe ya unga wa muhogo.

"Maman Julie, ni wewe ulibandika?"

"Ni mimi."

"Sasa nikuulize wewe, ao niulize nani?"

Julie anasema mikono yake iliingia yenyewe chini ya meza. Hakumfikiria Benoît peke yake. Alikuwa anahesabu wengine ishirini na wawili. Walikuwa wanatembea mjini na mashambani na muhuri ule chini ya nyuso zao, na hii ni miezi ya mvua.

Alikimbilia kwa mkuu. Aliomba tangazo litolewe, wazee warudishe vitambulisho vile.

"Mimi sikukuambia ubandue picha," mkuu alijibu. "Mimi nilisaini tu. Ukitangaza, utakuwa umekubali kosa. Funga kinywa, mama."

Alifunga kinywa. Ila alifungua daftari. Mbele ya majina yale 23 alikuwa ameweka nukta nyekundu, kwa desturi tu ya karani anayependa kujua alichofanya. Akaanza kwenda nyumba kwa nyumba kwa miguu, kikapu mkononi kama anayetoka sokoni.

Shida ya kwanza ilikuwa milango. Karani wa serikali akija kwako wakati kama huu, huwazi mema. Mzee Eliezer, mwenye miaka 71, mtu wa Kasai, aliongea naye bila kufungua.

"Nani?"

"Ni mimi, papa. Julie wa ku bureau."

"Uko na nani?"

"Niko peke yangu."

"Peke yako na nani?"

Alipofungua, alitoa jicho moja. Julie akamweleza habari ya muhuri. Mzee aliingia ndani, akarudi na kitambulisho, lakini hakukiachia.

"Ukibeba hii, mimi nabakia nani?"

"Unabakia mu nyumba, papa. Siku mbili. Usitoke hata kuchota maji."

Hilo ndilo lililokuwa gumu. Kitambulisho kibaya kingeweza kumuua mzee. Kukosa kitambulisho nako kungeweza kumuua. Kila aliyekubali alikaa siku mbili amejifungia, na kila gari likipunguza mwendo nje, nyumba nzima inanyamaza.

Picha mpya zilipatikana kwa Ézéchias, mpiga picha wa karibu na soko. Alikuwa na mashine inayotoa picha papo hapo, na karatasi zake ishirini na nne, za mwisho. Alikuwa anazitunzia harusi. Julie alipomweleza, alizihesabu, kisha akasema, "Harusi zitangoja. Mais kila mutu moja tu. Anayefunga macho, atabaki na macho imefungwa."

Aliwapigia majumbani mwao, mmoja mmoja, na aliyefunga macho ni Eliezer.

"Piga ingine," mzee aliomba alipoiona.

"Hakuna ingine, mzee."

"Ku barrière batasema maiti anatembea."

"Ukifika pale, uyafunge. Itafanana kabisa."

Eliezer alicheka mpaka akakohoa. Julie anasema katika wiki zile zote anakumbuka kicheko hicho kimoja.

Safari hii hakutumia muhogo. Kila picha aliitoboa pembeni kwa sindano, matundu manane, akaishona kwenye karatasi kwa uzi mweusi. Nyuma hakupiga muhuri wowote. Zile picha za zamani alizichoma chini ya sufuria ya maharage.

Saini ilikuwa rahisi kuliko yote. Alichanganya vitambulisho vipya 23, vingine bado bila picha, katikati ya makaratasi mengine, akavipeleka saa ambayo mkuu ana haraka ya kwenda kula. Mkuu alisaini vyote bila kusoma. Bila kusoma ndivyo mambo yalivyoharibika, na bila kusoma ndivyo yalivyotengenezwa. Mapema mwezi huu wa tano mtu huyo amepandishwa cheo, amehamishiwa Beni. Picha yake ameibeba.

Mpaka leo, wiki ya tisa, Julie amewabadilishia wazee ishirini na mmoja. Amebaki mmoja, tumwite Elikia, aliyehamia upande wa Beni kwa binti yake kabla ya Machi. Huyu hajui lolote. Anapita vizuizi na muhuri wa Kinshasa chini ya sura yake, na kilichoushika ni unga wa muhogo.

Mvua ikianza, Julie anasimama mlangoni na kutazama upande wa Beni. Gari likisimama mbele ya ofisi, mikono inaingia chini ya meza.

"Balimuchukua Benoît na ile picha," anasema. "Lazima walimuuliza nani aliibandika. Wiki tisa, hakuna mutu alikuja kunikamata. Donc hakunitaja. Ao hawakumuuliza. Ao..."

Hamalizi. Anachukua kitambaa, anapangusa meza iliyokwisha kupanguswa.

Germaine amekwenda kuuliza mara tatu, kwa wakubwa watatu. Wa kwanza alisema hakuna mtu huyo. Wa pili alisema alikuwepo akatolewa. Wa tatu alimuuliza yeye kwa nini anauliza. Nyumbani kwake, saa za jioni, anaweka ugali mezani. Mtu aliyezoea kupika ya mmoja anaona mara moja kwamba sufuria ile ni ya watu wawili. Hakuna haja ya kumuuliza.

Katika zile karatasi ishirini na nne za Ézéchias, mbili zilitoka nyeusi kwa uzee. Ishirini na moja zimetumika. Imebaki moja.

Germaine alipojua, alikuja ofisini. "Iweke ya Benoît," alisema. "Akirudi, atapita barrière na nini?"

Julie alifungua daftari, akalifunga. Hakumwambia ndiyo, hakumwambia hapana. Siku nne zilipita bila wao kusalimiana barabarani.

Siku ya tano Germaine alirudi, akakaa kwenye benchi la wateja kama mtu aliyekuja kwa shida yake binafsi.

"Nimefikiri," alisema. "Yule wa Beni angali anatembea. Mumupige picha yeye."

"Wasingya, mama," Julie alimshukuru kwa Kinande, na wote wawili wakatazama chini.

Mpango wa Julie ni kwenda Beni na Ézéchias, mashine ikiwa chini ya majani ya viazi, karatasi moja ndani yake. Amtafute Elikia, wampige picha, aishone pale pale, ile ya zamani aichome. Siku ya safari hasemi. Vizuizi vya njiani anavijua kimoja kimoja, na kwenye kila kimoja anaogopa.

"Nikimaliza huyu," anasema, "naweza kusikia mvua sawa batu bengine."

Kuna kitu kingine kwenye kikapu chake. Ni kitambulisho kipya namba 17, kilichosainiwa pamoja na vile vingine siku ile ya haraka. Kina jina la Benoît, kina mwaka wake wa kuzaliwa, kina matundu manane ya sindano yanayozunguka mraba mtupu. Germaine mwenyewe amemwomba akibebe, ingawa wote wawili wanajua hatari yake.

"Usilie mbele yao, usibishane," alimwagiza. "Uwaonyeshe tu, barrière kwa barrière, uwaulize: mwenye hii, mulimuacha wapi?"