Profesa wa Mtaro

Kila asubuhi, kabla hajagusa supu, Profesa Leodegar alichuchumaa kwenye mtaro ulio mbele ya genge la Siwema, akachomeka rula kwenye maji meusi, akapiga picha, akaandika kwenye kidaftari. Ndipo alipokumbuka kwamba na watu wapo.

"Shikamoo Prof. Mtaro umeamkaje?" Siwema akamwamkia.

"Marahaba, mama. Umepanda sentimita mbili."

"Basi na wewe hukawii kupanda."

Wanywa supu walicheka, maana ilikuwa kweli tupu. Leodegar alikuja kupanga chumba uchochoro ule akiwa msaidizi wa mhadhiri, kijana wa Rombo mwenye jozi moja ya viatu. Masika ya kwanza godoro la Siwema likaelea. Yeye akaandika makala kuhusu sheria ya mazingira na maji machafu, akawa mhadhiri. Mafuriko ya pili yakabomoa choo cha Bi Badria. Akawa mhadhiri mwandamizi. Ya tatu yakaingia msikitini. Huyooo, Ulaya, akarudi profesa. Akahamia Mbezi kwenye nyumba yenye bustani, lakini kila siku alishuka Kariakoo kunywa supu, ili akawaambie wanafunzi wake kwamba anaishi na wananchi.

Kuuzibua mtaro wenyewe, hata kwa kijiti, hajawahi.

Mwaka huu tajiri mmoja akaja na ghorofa lake. Nguzo zilipangwa kusimama katikati ya mtaro, na mtaro ukifukiwa, maji ya masika yangebaki na njia moja tu: chumbani kwa Siwema na wanawe. Watu walimpa pole mapema. Yeye akawaambia, "Pole ya nini? Sisi si tuna profesa wetu!"

Siku ya mkutano, ofisi ya serikali ya mtaa ilifurika watu. Violeth, ofisa mazingira, akamkaribisha mtaalamu aliyeandika ripoti ya ghorofa. Akasimama Leodegar.

Siwema alidhani amesimama kwa makosa.

"Wananchi walishirikishwa ipasavyo," Profesa akasoma. "Saini zao sitini na tatu zimeambatishwa."

"Saini zipi?" akadakia Zahoro, msukuma mkokoteni.

"Za mwezi uliopita."

"Zile si tulisainia pilau!"

Watu wakaangua kicheko, ila cha uchungu. Vijana wa Profesa walipita na sufuria na karatasi. Ukitaka sahani, tia saini. Sasa nani Kariakoo atasoma karatasi huku pilau inapoa?

"Kisheria, hayo ni mahudhurio," Profesa akasema bila kuona haya.

Siwema akanyoosha mkono. "Prof, na mtaro umeuandikaje?"

Profesa akapekua kurasa, akakohoa. "'Eneo la mradi halina mtaro wowote.'"

Siwema akashika kiuno.

"Miaka ishirini unauchungulia, baba, kumbe hujauona?"

"Mama, ule ni utafiti, huu ni ushauri. Usichanganye."

"Mimi sichanganyi. Ila maji yakiingia kwangu hayaulizi."

Violeth akamsogezea ripoti na kalamu. "Profesa, andika mtaro upo, au tia saini kwamba haupo. Leo nafunga jalada."

Leodegar akashika kalamu. Akiandika upo, ghorofa limekufa na tajiri aliyemlipa amemkosa. Akiandika haupo, basi makala zote, safari zote na uprofesa wenyewe vimejengwa juu ya mtaro usiokuwepo. Jasho likamtiririka mpaka kwenye tai.

"Samahani," akasema, "nipokee simu."

Simu yenyewe haikulia. Aliibandika sikioni, akatoka anasema "ndiyo, ndiyo" peke yake. Walimngoja mpaka adhana ya adhuhuri, ndipo Violeth akaandika kwamba ripoti haina wa kuitetea na ghorofa lisianze.

Siwema ndiye aliyemwona mara ya mwisho. Alimfuata mlangoni pale alipotoka na simu yake, akaita, "Prof! Wanakungoja!" Leodegar akapunga mkono bila kugeuka, akaongeza mwendo, akapotelea kwenye marobota ya mitumba. Kariakoo hajakanyaga tena.